Kongosho la mbuzi limetoka kahawia pembeni tu: insulini ipo, au slaidi inanidanganya?

#1 Wa_Nanguruwe
Wakuu, kwema? Nipo Mtwara mjini, namalizia mradi wa chuo. Kazi yenyewe ni kuonyesha insulini ndani ya kongosho la mbuzi kwa kutumia kingamwili. Vipande nimevipata machinjioni alfajiri, nikavitia kwenye formalini, vikaingia kwenye nta ya parafini, nikakata unene wa maikromita 4. Kingamwili ya kwanza imetoka kwa simbilisi. Ya pili inaishika hiyo ya simbilisi na imebeba kimeng'enya cha peroksidasi. Rangi ni DAB, inayoganda kahawia pale ilipo peroksidasi, mwisho hematoksilini ili viini vya seli vionekane bluu.

Kilichotokea: visiwa vya Langerhans (vishada vya seli za homoni ndani ya kongosho, zikiwemo za insulini) vilivyo pembezoni mwa kipande vimekolea kahawia safi, picha ya kitabuni kabisa. Ukisogeza slaidi kuelekea katikati vinapauka, na vile vya katikatikati vimebaki bluu tupu. Halafu ile slaidi ambayo sikuiwekea kingamwili ya kwanza, ambayo ilitakiwa iwe safi, ina vidoa vya kahawia inayokaribia weusi, hasa kandokando ya mishipa ya damu.

Jamaa yangu yuko Dar, katumia kingamwili hiyohiyo, bechi hiyohiyo, kwenye kongosho la binadamu, ikatoka safi. Msimamizi wangu anasema "rudia". Kurudia sikatai, ila narudia nikibadilisha nini? Na kwa slaidi hizi nilizonazo, naweza kuandika kwamba insulini ipo?

#2 Korosho Ghafi
Nimepitisha macho haraka nikasoma "korosho la mbuzi", nikajua minada imeanza. Kumbe mambo ya hadubini. Nakaa pembeni, wenye fani waje.

#3 Mzee wa Mingoyo
Kijana, kabla hujaigusa kingamwili tuanze na formalini. Uliitoa wapi, na uliizimua na nini? Nimeifanya kazi hii mpaka nimestaafu, naijua tabia yetu: mtu anachukua formalini kali ya kwenye dumu, kipimo kimoja, anaweka maji ya bomba vipimo tisa, anatikisa, anasema tayari asilimia 10. Haina bafa yoyote, zile chumvi za kuzuia asidi. Ikikaa kwenye joto na mwanga inageuka pole pole kuwa asidi ya fomiki. Asidi hiyo ikikutana na damu inaacha chembe za kahawia nyeusi, sisi tuliziita pigmenti ya formalini. Zinajikusanya palepale penye damu nyingi.

Vidoa vyako vya kandokando ya mishipa vinanukia hiyo kitu. Chukua slaidi ambayo hujaitia rangi hata moja, iondoe nta, itazame. Ukiviona, basi DAB haihusiki.

#4 Bint Mikindani
Shikamoo mzee. Kwenye formalini nakubali, ila tusifunge kesi mapema. Chembe nyekundu za damu zina shughuli ya peroksidasi ya kwao wenyewe, na baadhi ya chembe nyeupe zina kimeng'enya chenyewe. DAB haijui kwamba peroksidasi hii umeileta wewe na ile ya mbuzi. Popote inapomkuta haidrojeni peroksaidi na peroksidasi, inaganda kahawia.

@Wa_Nanguruwe maswali matatu. Uliizima peroksidasi ya tishu kabla ya kuweka kingamwili? Kawaida ni haidrojeni peroksaidi asilimia 3, dakika 10 hivi. Chupa yenyewe ilikuwa mpya au ni ile iliyofunguliwa siku nyingi? Maana inapoteza nguvu, na kwa joto hili la Mtwara ndiyo usiseme. La tatu, vipande ulivyotia kwenye formalini vilikuwa na ukubwa gani?

#5 Wa_Nanguruwe
Asanteni sana. Formalini ni ya dumu la chuo, bafa sijaiona mtu akiitia. Haidrojeni peroksaidi nilitumia, ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Vipande ni kama kidole gumba, mchinjaji ndiye aliyenikatia, na yeye hana muda wa kukata vyembamba.

#6 Bint Mikindani
Kidole gumba! Hapo katikati umeshapaelewa mwenyewe. Formalini inapenya kwa kadirio la milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha mwendo unapungua, na kupenya peke yake bado si kufunga protini. Ni muhogo mzima umetupwa kwenye makaa: nje umeungua, ndani mbichi. Na kongosho si nyama ya paja. Limejaa vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, damu ikisimama tu linaanza kujila lenyewe. Mpaka formalini ifike katikati, vijumba vya insulini ndani ya seli vimeshavunjika na insulini imeshamegwa.

Kata milimita 3 au 4, usizidi. Formalini iwe mara kumi mpaka ishirini ya ujazo wa tishu. Na tengeneza yenye bafa, si kazi ngumu: formalini kali mililita 100, maji yaliyochujwa mililita 900, sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji gramu 4, na disodiamu haidrojeni fosfeti kavu gramu 6.5. Inakaa karibu na pH 7.

#7 Dokta Mifugo
Naingia kwa upande wa mbuzi mwenyewe, maana naona mnamsahau.

Kwanza muda. Mmeshakaa machinjioni mkaangalia? Mnyama akishapasuliwa, ini linatoka wa kwanza, ndilo lenye mteja. Moyo, figo, vinafuata. Utumbo na tumbo vinasukumwa upande, na kongosho liko humohumo, limeshikana na duodeno, limelala juu ya saruji na maji ya moto yanapita. Mchinjaji analiona kama mafuta mabaya. Mpaka akumegee wewe mwanafunzi uliyesimama mlangoni na kichupa chako, muda umekwenda. Kwa hiyo hata ukikata milimita 3, kama lilikaa chini kwanza, katikati na pembeni vyote vimeoza sawasawa.

Pili, hivyo vidoa. Mbuzi wetu wa kusini wengi wana minyoo, na minyoo inaleta eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, kwenye tishu. Eosinofili ina peroksidasi nyingi na kali, na hiyo ya duka la dawa inaweza isiizime yote. Mimi kura yangu iko hapo, si kwenye formalini. Mzee anisamehe.

#8 Korosho Ghafi
Sasa si angetumia panya tu, mbona vitabu vyote vinatumia panya?

#9 Mtanda_Himba
@Korosho Ghafi panya wa maabara huku hawafiki, na wa shambani wanawahiwa. Uliza watu wa kwetu kama samaki nchanga (huyohuyo panya wa shambani, kwetu ni kitoweo) huwa anabaki na kongosho la kupeleka chuo.

#10 Korosho Ghafi
😂😂 Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Sampuli imeliwa na ming'oko (mizizi yetu ya porini).

#11 Mwalimu Masasi
Mnazungumza kana kwamba kahawia ikitoka safi basi ni insulini. Hapo ndipo ninapotofautiana na uzi mzima.

Kingamwili haisomi jina la homoni. Inashika umbo la kipande kidogo, asidi amino chache. Insulini ya binadamu ina asidi amino 51, mnyororo A una 21 na mnyororo B una 30. Ya nguruwe inatofautiana na yetu kwa moja tu. Ya ng'ombe kwa tatu. Ya kondoo kwa nne: A8, A9, A10 na B30. Mbuzi ni ndugu wa kondoo. Tazameni hizo tatu za mnyororo A zilivyofuatana, ni sehemu moja iliyojikunja, na kuna kingamwili zinazoshika hapohapo. Kingamwili ya namna hiyo, iliyozoeshwa insulini ya binadamu, kwa binadamu wa Dar itawaka na kwa mbuzi wa Nanguruwe itapauka. Huo mpauko wenu huenda hauna uhusiano wowote na saruji ya machinjioni.

#12 Bint Mikindani
Mwalimu, hiyo ingekuwa na nguvu kama angetumia kingamwili ya klonimoja, ile ya mbinu ya Köhler na Milstein ya 1975, inayoshika kipande kimoja tu. Yake ni ya simbilisi, mchanganyiko, inashika insulini sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Simbilisi anapendwa kwa kazi hii kwa sababu insulini yake iko mbali sana na ya wanyama wengine, kwa hiyo ukimchoma ya nguruwe au ya ng'ombe mwili wake unaiona mgeni kabisa na unatoa kingamwili kali. Na usisahau: visiwa vya pembeni vimewaka vizuri, kwa mbuzi huyohuyo. Mbuzi hana insulini mbili, moja ya pembeni na nyingine ya katikati.

#13 Mwalimu Masasi
Hilo la mwisho nalipokea. Ila pembeni napo pana mchezo wake. Kipande kikikaukia pembeni wakati unasubiri kingamwili, rangi hujikusanya ukingoni bila homoni yoyote. Nani kamuuliza kama visanduku vyake vya unyevu vinafunga?

#14 Kijana wa Chuno
Mimi naona jibu liko wazi na mnalizunguka. Hizi kingamwili za pili za kushika simbilisi nyingi zinatengenezwa kwa mbuzi. Kingamwili ya mbuzi kwenye tishu ya mbuzi, lazima zishikane. Ndiyo vidoa hivyo.

#15 Bint Mikindani
@Kijana wa Chuno umegeuza. Kingamwili iliyotengenezwa NA mbuzi haiwatafuti mbuzi, inamtafuta simbilisi. Ikiingia kwenye tishu ya mbuzi iko nyumbani. Balaa lingekuwa kama kingamwili ya kwanza ingetoka kwa mbuzi na ya pili ikawa ya kuwashika mbuzi. Hapo ingekamata kingamwili zote za mbuzi mwenyewe zilizo kwenye damu na tishu, slaidi nzima ingekuwa kahawia kama chai ya rangi.

#16 Kijana wa Chuno
Sawa dada, nimekaa chini.

#17 Asha_Mchinga
Samahanini, mimi si mtu wa maabara. Hii ndiyo teknolojia ya kile kipimo cha mimba cha mkojo?

#18 Nesi wa Kusini
@Asha_Mchinga mzazi wake mmoja. Kile kinatafuta hCG, homoni ya mimba, nayo ni ya protini, kwa kingamwili mbili: moja inaishika na kubeba rangi, nyingine imepakwa kwenye mstari inaisubiri. Tofauti ni kwamba kile kinafanya kazi kwenye mkojo, hawa wanatafuta homoni ikiwa bado imekaa ndani ya seli iliyoitengeneza.

Na lile analolisema Mwalimu la kushika kipande linaonekana hata huko. hCG ina sehemu mbili, alfa na beta. Ile alfa ni hiyohiyo iliyoko kwenye homoni za LH, FSH na TSH, ambazo hata wanaume wanazo. Kipimo kingetegemea alfa peke yake, hata mwanamume angeambiwa ana mimba. Ndiyo maana vinalenga beta.

Nitaje kimoja nilichokishuhudia. Aliletwa mama, tumbo kubwa kuliko miezi yake, anatapika, anatokwa damu, kipimo cha mkojo hakionyeshi kitu. Ndugu wakaanza maneno yao. Daktari aliyekuwa zamu akasema mkojo uzimuliwe kwa maji na urudiwe. Mstari ukatoka. Ilikuwa mimba zabibu, ile ambayo kondo linakua vibaya. hCG ilikuwa nyingi kupita kiasi mpaka kila kingamwili ilipata ya kwake, hakuna iliyobaki kuunganisha pande mbili.

#19 Asha_Mchinga
Yaani nyingi mno inaonekana kama hakuna! Asante nesi.

#20 Mama Zuhura
Mmenigusa. Kaka yangu alikuwa na uvimbe shingoni, watu wakasema tezi ya kawaida, akale samaki na chumvi yenye madini. Akafanyiwa upasuaji (hospitali siitaji), uvimbe ukatiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ile yenye mdomo mdogo. Uliingia kwa kusukumwa ukiwa laini. Ulipofika kwenye maabara ya Dar umeshakauka mgumu, hautoki, ikabidi chupa ikatwe kwa kisu. Na safari yenyewe ilikuwa ile mvua ya Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara imekatika kule Somanga, magari yamelala. Majibu ya kwanza yakasema tishu haifai kusomeka vizuri. Baadaye wakatumia hizo kingamwili mnazosema, wakatafuta kitu kinaitwa kalsitonini, ikatoka. Ndipo tukaambiwa saratani ya tezi ya aina nyingine, na kwamba sisi ndugu tukapimwe. Mpaka leo sijaelewa ilikuwaje kalsitonini ikaonekana wakati tishu imeharibika vile.

#21 Mzee wa Mingoyo
Pole sana mama. Chupa ya mdomo mdogo ni dhambi ya zamani, nimeikuta mara nyingi mno.

#22 Bint Mikindani
Pole mama Zuhura. Kalsitonini ni homoni ya asidi amino 32, inatoka kwenye seli C za tezi. Zile seli zikigeuka saratani huitwa saratani ya medula, na takribani robo ya wagonjwa wanakuwa wameirithi kupitia jini ya RET, ndiyo maana mliambiwa mpimwe. Kama hamjaenda, nendeni.

Kwa nini ilionekana? Inawezekana waliitafuta ukingoni, formalini ilipofika mapema. Uvimbe wa aina hiyo pia unaweza kuwa na kalsitonini nyingi, ikipotea nusu bado inaonekana. Au waliichemsha. Tangu kazi ya Shi na wenzake ya 1991 watu wanachemsha slaidi kwenye bafa, sitreti ya pH 6 au Tris na EDTA ya pH 9, na vile vifungo vya formalini vinalegea, kingamwili inapata pa kushika. Lakini kuchemsha kunafungua kilichofungwa, hakurudishi kilichooza.

#23 Mzee wa Mingoyo
Basi hapo Bint umenipa hoja. Kijana wa Nanguruwe hakutaja kuchemsha popote. Huenda visiwa vya katikati havikuoza, vimefungika tu. Kwanza vipande vilikaa kwenye formalini muda gani? Vikikaa wiki na wiki, kila kitu kinafungika.

#24 Bint Mikindani
Mzee, vikifungika kupita kiasi pembeni ndipo pangefungika zaidi, maana ndipo formalini ilipotangulia. Yeye pembeni ndiko kunakowaka. Halafu insulini kwa kingamwili nyingi haihitaji kuchemshwa kabisa. Ukichemsha kongosho bila sababu, tishu inabanduka kwenye kioo, na kama unatumia mfumo wa biotini (vitamini inayotumika kuunganisha kimeng'enya na kingamwili) unaiamsha biotini ya tishu yenyewe. Ini na figo ndizo zinazojulikana kwa hilo, ila kongosho nalo limo.

#25 Dokta Mifugo
@Bint Mikindani hili la #24 limenikaa. Na mama Zuhura, zile siku barabara imekatika hata chanjo za kuku zilitutesa.

#26 Wa_Nanguruwe
Wakuu nimerudi na majibu, ila yanavuruga zaidi.

Moja: slaidi isiyotiwa rangi yoyote, kama alivyosema Mzee, ina vidoa. Vichache. Mbili: slaidi ya DAB tupu bila kingamwili, ya kupima hoja ya Bint, ina vidoa vingi zaidi ya hiyo. Kwa hiyo vingine ni vya mzee na vingine ni vya Bint au vya minyoo ya Dokta.

Tatu: nimepata kongosho la mbuzi mwingine. Safari hii nimesimama hapohapo, nikakata mwenyewe kwa wembe vipande vyembamba, formalini yenye bafa. Katikati sasa pamewaka. Lakini kwenye slaidi hiyohiyo kuna eneo moja ambalo visiwa vyake karibu vyote vimetoka bluu, wakati jirani yake, umbali wa nywele, visiwa vimekolea. Mpaka ni kama umepigwa rula. Muda ni uleule, formalini ileile, na sanduku langu la unyevu linafunga, mwalimu.

#27 Mwalimu Masasi
Ahaa.

#28 Dokta Mifugo
Mpaka wa rula! Hiyo sasa huenda ni anatomia. Kongosho linaanza kwa machipukizi mawili ya kiinitete, la mgongoni na la tumboni, kisha yanaungana. Kwa binadamu na kwa panya, sehemu ya kichwa iliyotokana na chipukizi la tumboni ina visiwa vyenye seli nyingi za peptaidi ya kongosho na seli chache za glukagoni (homoni nyingine mbili za visiwa). Visiwa si vyote sawa. Ulikata upande gani, karibu na duodeno au mkiani?

#29 Wa_Nanguruwe
Karibu na duodeno, nadhani. Lilikuwa limeshakatwa vipande viwili nilipofika.

#30 Mwalimu Masasi
Dokta, seli za peptaidi ya kongosho kuwa nyingi si insulini kutokuwepo. Hata kwenye visiwa hivyo seli beta, zinazotoa insulini, zipo. "Karibu vyote bluu" hakuelezwi na hilo. Mimi naona tone la kingamwili halikuenea, kulikuwa na kiputo cha hewa. Kiputo kinaacha mpaka mkali vilevile.

#31 Bint Mikindani
Kiputo huacha duara, si mstari. Ila kinachomaliza ubishi ni slaidi ya pili inayofuatana na hiyo, itiwe kingamwili ya glukagoni, na ya tatu itiwe kromogranini A ambayo hushika seli za homoni kwa ujumla. Kromogranini ikiwaka pale penye bluu, tishu ni nzima na huenda insulini ndiyo haipo. Ikizima nayo, tatizo ni tishu au utiaji rangi. Halafu chukua kingamwili yako ya insulini, ichanganye na insulini tele kwanza, ilale nayo usiku kucha, ndipo uiweke kwenye slaidi. Kahawia ikipotea, ilikuwa inashika insulini kweli.

#32 Mwalimu Masasi
Hapo ndipo mnapojidanganya siku zote. Kipimo hicho kinaonyesha kwamba kingamwili inashika insulini kwenye bomba. Hakionyeshi kwamba kwenye tishu haikushika kitu kingine chenye kipande kilekile. Chukueni gastrini na kolesistokinini, homoni za tumbo na utumbo: asidi amino tano za mwishoni ni zilezile. Kingamwili inayolenga mwisho huo inawasha seli za tumbo na za utumbo bila kubagua, na ukiilaza na gastrini inazima kote. Utaandika kwamba umeona gastrini kote. Hapo je?

Na msiniambie ni nadharia. Mwaka 2012 ilitangazwa homoni ya misuli, irisini. Makala zikamwagika, nyingi zikitegemea kingamwili za kununua. Mwaka 2015 kundi la kina Albrecht likazijaribu baadhi ya hizo kingamwili, likakuta zinashika protini nyingine kabisa kwenye damu.

#33 Bint Mikindani
Malizia hadithi, mwalimu. Mwaka huohuo wa 2015 watu wengine wakaipima kwa spektrometa ya masi, inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake, wakaikuta kwenye damu ya binadamu, kidogo, nanogramu chache kwa mililita. Kingamwili mbovu haikuthibitisha kwamba homoni haipo.

#34 Mwalimu Masasi
Wala kwamba ipo. Ndiyo hoja yangu.

#35 Mzee wa Mingoyo
Mnanikumbusha mambo ya watafiti Rosalyn Yalow na Solomon Berson. Waliona wagonjwa wa kisukari waliochomwa insulini ya wanyama wanatengeneza kingamwili dhidi yake. Wakubwa wa jarida hawakuamini kwamba kitu kidogo kama insulini kinaweza kuzaa kingamwili, wakawalazimisha walitoe neno hilo kwenye kichwa cha makala ya 1956. Kutokana na ugunduzi huo wakatengeneza kipimo cha kwanza cha kupima insulini ya damu kwa kingamwili. Yalow akapata Nobeli 1977, mwenzake alikuwa ameshafariki 1972. Barua ya kukataliwa mama yule aliitunza, akaja kuitoa kwenye hotuba ya Nobeli.

#36 Korosho Ghafi
Huyo mama anafaa kuwa Mmakonde. Kinyongo cha miaka ishirini na ushahidi mkononi.

#37 Mtanda_Himba
Na angekuwa wa kwetu hotuba angeitoa baada ya uraka, pombe ya mabibo, lita mbili.

#38 Kijana wa Chuno
Nirudi kistaarabu. Kuna aliyeuliza kuhusu friji? Kingamwili inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8. Umeme ukikatika usiku mzima, ukarudi, ukakatika, kingamwili inachoka. Pale penye insulini nyingi inashika, penye chache haioni.

#39 Wa_Nanguruwe
Friji ni ya pamoja, na soda zimo. Nina kichupa kingine cha kingamwili hiyohiyo ambacho jamaa wa Dar alinigawia, hakijafunguliwa.

#40 Bint Mikindani
Kijana wa Chuno, safari hii umepiga kwenyewe. Afanye yote mawili kwa siku moja, vichupa viwili, bloku moja (tishu ikiwa ndani ya nta), azimue 1:100, 1:200, 1:400 na kuendelea. Kama kichupa cha friji ya soda kinazima mapema kuliko kingine, tunajua. Ila mpaka wa rula bado haujaelezwa na friji.

#41 Mzee wa Mingoyo
Na vidoa vile vichache vya kwangu viondoe kwa asidi ya pikriki iliyokolea kwenye alkoholi, kabla ya kingamwili. Lakini angalia, asidi hiyo haitakiwi ikauke kwenye chupa, ikikauka inalipuka. Na hiyo DAB vaa glavu, usiimwage kwenye sinki.

#42 Dokta Mifugo
Mimi bado nataka kujua hao mbuzi wawili walikuwa na minyoo au la. Safari ijayo chukua na kinyesi.

#43 Korosho Ghafi
Kongosho, mkojo, sasa kinyesi. Uzi umekamilika.

#44 Bint Mikindani
@Wa_Nanguruwe kromogranini na glukagoni ninazo kidogo hapa kazini, mkuu wangu amekubali slaidi chache. Kata zinazofuatana, ziandike namba kwa penseli si kalamu, kalamu inayeyuka kwenye zailini, ile ya kuondolea nta. Usizikate leo ukazileta mwezi ujao, zikikaa kwenye unyevu huu zinafifia.

#45 Wa_Nanguruwe
Asante sana dada. Nakata kesho, nazileta mwenyewe Mikindani kwa daladala ya asubuhi. Na bloku nije nayo?

#46 Bint Mikindani
Njoo nayo, ila usiiweke kwenye dashibodi. Nta ikipata lile jua la saa sita utaniletea uji.

#47 Mwalimu Masasi
Na mimi nataka picha za slaidi zote, hata mbaya. Hasa mbaya.